Nguzo Kwanza, Udongo Baadaye: Historia Fupi ya Kuchora Mimea ya Ugogo

Nikitaja Chang'ombe, wengi wenu mnawaza ile ya Temeke. Ninayoizungumzia mimi ni Chang'ombe ya Dodoma. Nyumba zimebanana, ila katikati yake bado kuna viwanja vichache ambavyo wenyewe hawajaanza kujenga. Mvua zikianza, Desemba hivi, viwanja hivyo vinageuka kijani ndani ya wiki chache. Kwa mtu kama mimi ninayesomea mimea, hiyo ndiyo maabara ya karibu kuliko zote.

Msimu uliopita nilichora mmea mmoja kutoka kwenye kiwanja cha namna hiyo. Ulikuwa mlenda mwitu, ule wenye majani membamba na maua ya rangi ya zambarau iliyopauka, ndugu wa ufuta. Nilikaa nao siku nzima. Niliweka kivuli, niliweka hadi vinyweleo. Msimamizi wangu akautazama kwa nusu dakika, kisha akauliza swali moja tu: "Hili ua limeota wapi?"

Nikaangalia mchoro wangu upya. Kweli, ua lilikuwa linaelea. Kikonyo chake kilipotelea nyuma ya jani, na upande wa pili hakikutokea popote. Mchoro ulikuwa mzuri, lakini mmea wa namna ile haupo duniani.

Siku ya tatu niliporudi kiwanjani ili nianze upya, nikakuta msingi umechimbwa, mawe yameshushwa, na mlenda wangu uko chini ya kifusi. Sikasiriki, watu wanahitaji nyumba. Wala mlenda haujaisha Dodoma, ningeweza kutafuta mwingine. Ila wiki ile mvua ilikuwa imekata na maua yalikuwa yanadondoka kila mahali. Kilichobaki mkononi mwangu ni tawi moja nililokuwa nimelibana ndani ya magazeti, limekauka na kulala bapa kama chapati.

Swali likawa: utachoraje mmea uliosimama kwa kuangalia mmea uliolala? Nilipoanza kutafuta jibu, nikagundua kwamba mimea ya Ugogo hiihii ilishawahi kumletea mtu kazi ya aina hiyo, zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Msafara uliorudisha kamera

Mwaka 1860 John Hanning Speke na James Augustus Grant walitoka Zanzibar kwenda kutafuta chanzo cha mto Nile. Wengi tunamkumbuka Speke. Grant tunamsahau, lakini kwa upande wa mimea yeye ndiye mtu wetu. Alikuwa askari wa jeshi la Waingereza huko India, aliyejeruhiwa mkono katika mapigano ya Lucknow mwaka 1857, na bado alipenda kuchora.

Walikuwa wamebeba kamera. Kamera za wakati ule hazikuwa za kutia mfukoni: kulikuwa na sanduku, vioo, dawa za kemikali, na hema la giza la kusafishia picha. Katika joto lile kazi hiyo ilimchosha Grant vibaya, na kamera ikarudishwa pwani. Kuanzia hapo kumbukumbu ya macho ya msafara ikategemea penseli na rangi za maji. Kitabu cha Speke kilipotoka mwaka 1863, picha zake nyingi zilitokana na michoro ya Grant.

Walipita Ugogo mwishoni mwa mwaka 1860, wakaingia Mgunda Mkali, lile pori kavu lililotenganisha Ugogo na Unyamwezi. Safari ilikuwa ngumu. Chakula kilikuwa shida, hongo zilidaiwa kila baada ya hatua, wapagazi walitoroka na mizigo. Katikati ya vurugu zote hizo Grant aliendelea kuchuma mimea, kuikausha, kuichora na kuandika majina ambayo wenyeji waliiita pamoja na matumizi yake. Hapa tusiruke jambo moja. Majina hayo hakuyatoa kichwani kwake. Aliambiwa na watu. Sidi Mubarak Bombay, kiongozi wa watu wa msafara, jina lake tunalo. Wengi wa wale waliosema "huu unaliwa, huu ni dawa, huu ni sumu", majina yao hayakuingia kitabuni.

Mimea mikavu ikafika bustani ya Kew, London, ikawekwa mikononi mwa mtaalamu wa mimea Daniel Oliver na wenzake. Kati ya mwaka 1872 na 1875 Jumuiya ya Linnaeus ya London ikachapisha kazi nzima juu ya mimea ya msafara wa Speke na Grant, ikiwa na michoro mingi. Na aliyeichora michoro hiyo hakuwahi kukanyaga Ugogo hata siku moja.

Kijana wa vitambaa

Aliitwa Walter Hood Fitch, alizaliwa mwaka 1817. Hakusoma chuo. Alipokuwa kijana huko Glasgow alikuwa mwanafunzi wa kazi kwenye kiwanda cha vitambaa, akichora nakshi za kuchapwa. Mtaalamu wa mimea William Hooker aliuona mkono wake, akamchukua, na kuanzia mwaka 1834 Fitch akawa anachora kwa ajili ya jarida maarufu la mimea la Curtis. Mpaka anamaliza kazi alikuwa ametoa karibu michoro 10,000 iliyochapishwa. Mara nyingi alichora moja kwa moja kwenye jiwe la kuchapia, mahali ambapo kufuta kosa si rahisi.

Sasa fikiria meza yake. Juu yake kuna mmea kutoka bara la Afrika, umebanwa miezi au miaka, rangi imekuwa ya tumbaku, ua limekunjamana. Pembeni labda kuna mchoro wa haraka uliofanywa porini na maelezo mafupi. Kazi yake ni kuusimamisha ule mmea tena, uonekane kama unapigwa na upepo, na mtaalamu akipima asikute kosa.

Aliwezaje? Kwa bahati njema alieleza mwenyewe. Mwaka 1869 aliandika mfululizo wa masomo ya kuchora mimea katika gazeti la wakulima wa bustani la Uingereza, Gardeners' Chronicle. Ndani ya masomo hayo anasema wazi kwamba kuchora mmea ulio hai ni kunakili tu, na kwamba mmea mkavu ndio mtihani wa kweli wa mchoraji. Kwa nini? Kwa sababu ulio hai unakuonyesha kila kitu, unaweza kuufuata mstari kwa mstari bila kuuelewa. Mkavu unakudai ujue umejengwaje.

Ndipo nikaelewa kosa langu. Mlenda wangu nilikuwa nimeunakili. Kila nilichokiona nilikiweka, na nisichokiona sikujiuliza.

Kama tembe

Ukitaka kuielewa njia hii ya kuchora kwa kujenga, usiende mbali, angalia tembe la Kigogo. Hakuna fundi anayeanza na udongo. Kwanza zinasimama nguzo, zinapimwa, zinapandishwa boriti, halafu fito zinafungwa, na mwisho kabisa ndipo udongo unakandikwa ukutani na kumwagwa juu ya paa. Ukiiona nyumba iliyokamilika unaona udongo tu. Ila ikisimama imara baada ya mvua tatu, sifa ni ya nguzo.

Sisi wengi tunachora mimea kwa kuanza na udongo. Tunaanza na ukingo wa jani, meno yake, vivuli vyake. Na shule zetu hazijatusaidia sana. Kama ulisoma Baiolojia sekondari, masharti unayakumbuka: penseli iliyochongwa, mstari mmoja usiokatika, hakuna kivuli, lebo ziandikwe kwa usawa. Masharti mazuri kabisa, lakini yote yanahusu mchoro uliokwisha. Namna ya kufika hapo hatukufundishwa. Mwalimu alichora ubaoni, nasi tukanakili ubao. Kuna watu wamechora ua la mhibiski mara ishirini bila kulishika mkononi hata mara moja.

Sababu ya njia ya kujenga kufanya kazi ni kwamba mmea wenyewe umejengwa hivyo. Majani hayajitokezei popote yanapotaka. Yanatoka kwenye vifundo vya shina, kwa mpangilio unaojirudia. Chipukizi au ua hutokea kwapani mwa jani, yaani kwenye pembe kati ya jani na shina. Sehemu za ua zimepangwa kwenye duara, duara ndani ya duara. Miaka ileile ya 1870 ambapo mimea ya Grant ilikuwa inachapishwa, Mjerumani August Wilhelm Eichler alitoa kazi kubwa ya michoro ya ramani za maua, ambapo kila ua linachorwa kana kwamba umelikata na kulitazama kutoka juu: sepali ngapi, petali ngapi, stameni ngapi, nani anatazamana na nani. Ukiwa na ramani hiyo kichwani, ua likikupa mgongo bado unajua uso wake ukoje.

Walioendelea baada yake

Mwaka 1877 Fitch aligombana na uongozi wa Kew juu ya malipo, akaacha kulichorea jarida. Aliyekuja kuziba pengo ni Matilda Smith, binamu wa Joseph Hooker, mkurugenzi wa Kew wakati huo. Nampenda Matilda kwa sababu moja: hakuanza akiwa hodari. Alikuwa na mafunzo machache tu, Hooker akamwelekeza, naye akaendelea kuchora mwaka baada ya mwaka kwa zaidi ya miaka 40. Alitoa zaidi ya michoro 2,300 kwa jarida hilo, na mwaka 1898 akawa mchoraji rasmi wa kwanza wa Kew. Kilichomletea sifa ni kilekile kinachotutesa sisi, yaani uwezo wa kuchukua mmea uliobanwa bapa na kuurudishia umbo lake.

Huku kwetu Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, mwaka 1902, na mkusanyiko wake wa mimea mikavu baadaye ukahamia Nairobi. Huko Nairobi, mwishoni mwa miaka ya 1930, mwanamke aliyekuja kujulikana duniani kwa ajili ya simba Elsa, Joy Adamson, alianza kuchora mimea akifuatana na mumewe wa wakati ule, mtaalamu wa mimea Peter Bally. Mwaka 1947 Jumuiya ya Kifalme ya Bustani ya Uingereza ilimpa medali ya dhahabu ya Grenfell kwa michoro hiyo. Yeye alichora zaidi mimea hai, kwa rangi.

Upande wetu wa kati ya nchi alikuwepo B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea wa idara ya utafiti wa mbung'o enzi za Tanganyika, aliyeyafahamu mapori ya Kondoa, Singida na Shinyanga kuliko karibu mtaalamu yeyote wa zama zake. Alifariki kwenye ajali ya ndege mwaka 1938. Kichaka kimoja cha pori la Itigi, Burttia, bado kina jina lake.

Halafu ikaja kazi kubwa kuliko zote, orodha kamili ya mimea ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutoka kwa vitabu mwaka 1952 na kumalizika mwaka 2012. Miaka 60, zaidi ya spishi 12,000. Ukivifungua vitabu hivyo utakuta michoro ya mistari myeusi, bila rangi, mingi imechorwa kwa kutazama sampuli kavu. Kila nikitafuta jina la mmea wa Dodoma ninaishia kwenye michoro hiyo. Picha ya simu inanionyesha mmea mmoja ulivyokuwa saa nne asubuhi. Mchoro uliojengwa vizuri unanionyesha kinachofanya spishi nzima iwe spishi hiyo, mpaka sehemu ambazo kwenye picha zimefunikwa na jani.

Mazoezi niliyoyafanya

Basi nikarudi kwenye tawi langu kavu. Nilijiwekea mazoezi manne, nikayafanya jioni jioni kwa wiki kadhaa. Nawe unaweza kuyajaribu, hayahitaji zaidi ya penseli, daftari na mmea wowote.

La kwanza ni mhimili. Chora mstari mmoja unaofuata mwelekeo wa shina, kuanzia chini mpaka ncha. Usichore unene. Juu ya mstari huo weka alama kila penye kifundo, ukipima umbali kwa penseli yako. Utashangaa: vifundo havilingani umbali, huku juu vinakaribiana. Ukikosea hapa, mmea wako utakuwa na kimo cha mmea mwingine.

La pili ni mshipa wa kati wa jani. Chora mshipa peke yake kwanza, kama njia inayopanda na kushuka kilima. Kisha ndipo uweke kingo mbili kushoto na kulia. Jani likijikunja, endelea kuuchora mshipa kwa mstari hafifu hata pale unapofichika, mpaka utokee tena upande wa pili. Dodoma tuna jani zuri la kujifunzia, la mzabibu. Mishipa mikubwa mitano inaanzia pamoja pale kikonyo kinapokutana na jani. Chora mitano hiyo kwa pembe zake sahihi, na ukingo wa jani utajileta karibu wenyewe. Ukianza na ukingo utahangaika jioni nzima.

La tatu ni chombo. Kabla ya ua, chora kikombe. Kiweke mezani ukitazame kutoka juu, mdomo wake ni duara. Kiinue taratibu kuelekea usawa wa macho, duara linabonyea na kuwa duaradufu, linazidi kuwa jembamba, mpaka linakuwa mstari. Chora hatua zote hizo, ukurasa mzima. Maua mengi ni vikombe, faneli na sahani. Ndulele ile ya njiani ni sahani yenye pembe tano na koni ya njano katikati. Ua la mlenda ni faneli iliyolazwa. Ukishaweza kugeuza duaradufu, unaweza kuligeuza ua.

La nne ni kujenga usichokiona. Mmea ukiwa mbele yako, uchore kutoka ulipo. Halafu, bila kuuzungusha, jaribu kuuchora kama angeuona mtu aliyekaa upande wa pili. Ukimaliza, zunguka ukaangalie. Zoezi hili linaumiza, lakini ndilo linalokuambia ulikuwa umeelewa au ulikuwa umenakili.

Kurasa za mwanzo za daftari langu sitazionyesha kwa mtu. Majani yalikuwa kama visu vya jikoni, na vikombe vilikuwa vinamwaga chai. Baada ya wiki ya pili nikaona kitu kimebadilika, na hakikuwa mkono. Nilikuwa natumia muda mwingi zaidi kuangalia na muda mchache zaidi kuchora.

Mlenda wa pili

Mwishoni nililichukua ua moja kavu, nikalitumbukiza kwenye maji ya moto na tone la sabuni. Ni mbinu ya kawaida ya watu wa mimea mikavu. Maji yanaingia kwenye tishu, ua linalegea na kufunguka. Nikalitazama kwa lenzi. Bomba moja, ndewe tano mdomoni, ile ya chini ndefu kuliko wenzake. Ndani stameni nne, mbili ndefu na mbili fupi. Na kikonyo, kile nilichokuwa nimekificha, ni kifupi sana na kinatoka kwapani mwa jani, kisha ua linainama. Jibu la swali la msimamizi wangu lilikuwa pale magazetini muda wote.

Nikaanza na mhimili, nikaweka vifundo, mishipa, maduaradufu. Kivuli sikuweka kabisa. Mchoro wa pili ulichukua jioni mbili. Msimamizi aliutazama muda mrefu kidogo kuliko mara ya kwanza, akasema, "Huu unaweza kusimama."

Baadaye, nikiandika lebo, ndipo nikatilia maanani jina la kisayansi la mlenda huu: Sesamum angustifolium, ufuta wa majani membamba. Kwa desturi, nyuma ya jina huandikwa kifupi cha mtaalamu aliyelitoa, na hapa kwenye mabano kuna "Oliv.". Ni Daniel Oliver, yuleyule wa mimea ya Grant. Mboga ambayo bibi zetu wameikausha na kuitwanga miaka nenda rudi, ilipata jina lake la vitabuni London, kwa mtu aliyeijua ikiwa imebanwa kwenye karatasi.

Hilo halinifanyi nimlaumu Oliver wala Fitch. Walifanya kazi yao kwa uaminifu, na mimi naitegemea mpaka leo. Ila wao walilazimika kuusimamisha mmea kwa kukisia. Sisi tunaoishi Dodoma bado tunaweza kwenda kiwanjani na kuuona umesimama. Mji huu uliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na tangu serikali ilipoanza kuhamia kweli mwaka 2016 viwanja vinajaa kwa kasi. Kile cha mlenda wangu sasa kina nyumba yenye bati jekundu na mwenyewe ameshapanda michongoma ya uzio.

Kwa hiyo mvua zikianza tena, toka na daftari. Chagua mmea mmoja uliouzoea hadi huuoni, na kabla hujachora jani lolote, tafuta nguzo yake iko wapi.